Mashini ya Mangina

Butembo, siku ya ine, usiku

Na hii kinywa yangu, nani aliituma?

Kwa radio yetu ya internet, basikilizaji banatuma sauti ya kwao, mimi nakisia beko wapi na kubachokoza. Leo mama mumoja, bila jina, alitusikilizisha mashini ya kusaga unga. "Kisia basi, muzee wa meno mbili!" Nikapiga kelele: "Mama, uko Mangina! Ile mashini inakohoa kuliko mimi!" Tulicheka sana.

Kisha mwanaume wa Beni akanitumia sauti, mimi peke yangu, pole pole: "Aksanti, papa. Ile sauti ni ya bibi yangu, mwenye nilioa. Alikimbia fimbo yangu. Sasa najua fasi eko."

Nikarudi hewani mbio: "Nilikosea, ni Alimbongo!" Mimi, mwenye sijakubali kosa hata mbele ya padiri.

Basikilizaji bakanicheka: "Papa, acha uongo! Ulisema kweli, ni Mangina!"

Kutoka Beni mpaka kule, kwa pikipiki, si mbali.

Namupigia ule mama wa mashini, kwa namba yenye alitumia sauti, simu haiiti. Na batu bangali banaandika, banafurahi. Mumoja ameeleza mpaka njia ya kufika kwa ile mashini.