Siku Moja ya Eda

Jumamosi, 15 Agosti 1959
Barua imefika! Kamati ya serikali itawasikiliza wanawake Jumatatu ya tarehe 24, saa nne, Shangani. Tupewe kura au tusipewe. Bwana Amour, katibu wa chama, kamtuma Kazija, mwenzangu chamani, aniambie: atakayesema vizuri, huyo ndiye watakayemsimamisha siku wanawake wakiruhusiwa kuingia Barazani. Mwaka mzima nnaitayarisha hotuba hii.

Na mimi nimo edani. Majid, mume wangu, kafariki tarehe 15 Aprili. Miezi minne na siku kumi — nimehesabu kwenye kalenda ya skuli, natoka tarehe 25. Siku moja tu, Yarabi!

Jumanne, 18 Agosti
Kazija ataisoma hotuba. Sauti anayo. Lakini wakimuuliza maswali? Kazija akibanwa hucheka tu.

Mama mkwe, Bi Nunu, alikuwa akichagua mchele, anasikiliza. Nikamwambia eda ni eda, siwezi kumvunjia mwanawe heshima. Akanitazama. Akarudi kwenye mchele wake.

Ijumaa, 21 Agosti
Bi Nunu kafukiza udi nyumba nzima. Na mimi manukato ni marufuku! Nikajiziba pua kwa ushungi. Kaniuliza kama nataka maji ya kuoga. Nikasema nshaoga.

Nimemlilia Majid mpaka kichwa kinaniuma. Nikijifunza kuhutubia alikuwa akikaa kitandani, anapiga makofi peke yake.

Jumatatu, 24 Agosti
Kazija kaondoka saa tatu na karatasi zangu.

Mara Bi Nunu huyo, na buibui langu, kalipiga pasi. Nikasema: kesho, mama. Akasema eda haihesabiwi kwa kalenda ya Kizungu, ni kwa mwezi mwandamo, ambao ni mfupi. Mwanawe kafa tarehe sita Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani. Eda imekwisha tangu Ijumaa. Ijumaa! Kumbe ule udi na yale maji yalikuwa ya kunitoa edani! Mbona hukuniambia, mama? Eti alikuwa akingoja niseme mwenyewe kwamba naogopa.

Nimesoma Kurani chuoni miaka sita. Nilijua. Astaghfirullah, nilijua, nikaifanya eda ya Majid kisingizio.

Saa nne kasoro robo. Hapa Malindi mpaka Shangani ni robo saa nikikaza mwendo. Buibui nshalivaa. Wakiniuliza mwanamke anajua nini —

Bi Nunu kafungua mlango. Anauliza kama na haya pia lazima yaandikwe kwanza.