Picha ya Timu ya Mulekera

Butembo, Jumanne tarehe 14 Machi 2023

Kwa yaya yangu Gracieuse, huko Kirumba,

Pokea salamu nyingi za mdogo wako. Naomba barua hii ikukute na nguvu, wewe na watoto, na Ariel awe amepona kile kikohozi. Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Huku mvua inanyesha kila mchana na matope yamefika mlangoni. Maharagwe uliyotutumia yalifika salama. Asante sana, yaya.

Najua umenipigia simu mara nyingi nami sikupokea. Nilikuandikia kwamba sina chaji. Huo ulikuwa uongo. Nilikaa nikilitazama jina lako likiwaka mpaka likazimika. Ndiyo maana leo nakuandikia kwa mkono, na barua nampa Mama Tamar, muuza viazi, anayeshuka kwenu kesho. Nakuomba uisome mpaka mwisho, usiishie katikati.

Kwanza habari za mume wako. Jana waliniruhusu kumpelekea Ézéchias fufu na sombe pale kwenye kasho ya askari walikomfungia. Amekonda, lakini alitembea mwenyewe mpaka kwenye wavu. Alionja sombe akaniuliza kama nimepika mimi kweli au jirani, maana safari hii ina chumvi. Unamjua, hata mle ndani anatania. Alisema nikuambie usije, barabara si nzuri. Halafu akaacha kucheka, akanishika vidole kupitia wavu akisema, “Jokébed, ile saa hapana mutu niliambia. Hata bibi yangu Gracieuse, hapana.” Alirudia mara tatu, kana kwamba mimi ndiye ninayemshitaki.

Huko kwenu mmesikia vipande vipande, basi nikueleze ilivyokuwa. Ézéchias alikodiwa kuwaleta wasichana wa volebo wa Mulekera, kule Beni, waje kucheza hapa Jumamosi ile ya tarehe 4. Saa ya kuondoka waliipanga watu watatu tu: Papa Zorobabel, rais wa komite yetu ya volebo, Siméon, kocha wa wasichana, na mumeo. Waliamua iwe Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Walipokipita kijiji cha Kabasha, kwenye kona, risasi zikaanza. Kioo cha mbele kilivunjika na tairi likapasuka. Ézéchias hakusimama. Aliendesha juu ya chuma tupu mpaka akawafikisha kwa askari, wote wakiwa hai. Bénite tu, yule binti mrefu anayeanzisha mpira, risasi ilimpata mkononi. Daktari anasema mkono utabaki, lakini kucheza tena hajui.

Wale watu wa porini waliopiga risasi walikuwa wamelala pale wakiwangoja, hilo kila mtu amelielewa. Kwa hiyo askari wakaanza kutafuta nani aliitoa ile saa. Papa Zorobabel aliapa. Siméon mwenyewe alikuwa ndani ya gari pamoja na binti yake. Akabaki dereva. Wakauliza kwa nini kioo kivunjike usoni pake naye asipate hata mkwaruzo. Hivi sasa sokoni nasikia wanawake, watu ninaowajua, wakisema heri askari wamtoe wawape vijana barabarani wammalize. Mimi nasimama hapo na kikapu changu, nachagua nyanya.

Yaya, unajua kazi yangu kwenye komite. Mimi ndiye ninayeweka mambo kwenye ukurasa wetu wa mtandao. Karatasi ya masharti imebandikwa ukutani ofisini: tuweke matokeo, kalenda na picha za wachezaji, tusiweke siasa, wala askari, wala majeruhi, na kila kitu Papa Zorobabel akione kwanza. Sharti moja halikuandikwa kwa sababu hapa kwetu halihitaji kuandikwa. Ukimuuliza mtu atasafiri lini, anakujibu tutaona. Habari yake unaipata akishafika. Kwa hiyo na ukurasa wetu tuliuendesha hivyo hivyo: timu fulani wamefika salama, timu fulani wamerudi salama, na katikati pole za misiba.

Mwezi wa pili alikuja kiongozi mmoja wa komite ya juu. Mbele ya watu wote alisema ukurasa wetu ni daftari la misiba na la wageni waliofika, na mwenye kuuendesha bila shaka analala. Watu wakacheka, hata Papa Zorobabel. Nilirudi nyumbani na aibu, nikajisemea kwamba nitawaonyesha.

Sasa nafika pale ninapopaogopa. Alhamisi tarehe 2, siku moja kabla ya safari, Siméon alinitumia picha. Wasichana wote mbele ya gari la mumeo, wamevaa jezi mpya, na Bénite katikati akicheka, ameshika karatasi ya safari. Siméon aliandika niiweke wakishafika. Papa Zorobabel alikuwa kwenye matanga. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupata. Saa tisa mchana nikaiweka.

Na usiseme sikuona. Niliona. Niliikuza picha kwa vidole viwili kuangalia kama nyuso ziko wazi, na kwenye karatasi mkononi mwa Bénite nikasoma siku, saa na njia, kwa mwandiko wa kocha. Nikawaza kwamba hiyo karatasi inaonyesha komite yetu imejipanga. Nikawaza pia, nani wa porini atasoma ukurasa wa volebo? Ijumaa habari iliponifikia niliifuta. Watu kumi na saba walikuwa wameshaiona. Hakuna aliyesema neno. Labda waliangalia nyuso tu, labda wanaogopa kama mimi. Siméon anaamini sikuwahi kuiweka.

Sijui kama wale watu waliisoma. Labda hawakuisoma, na hilo sitalijua maisha yangu yote. Ninachojua ni kwamba saa ile haikuwa tena ya watu watatu na wasichana wao, na mume wako ana siku tisa amefungwa kwa ajili ya mlango nilioufungua mimi. Jana aliponishika vidole nilitaka kumwambia. Badala yake nikamwambia nitapunguza chumvi.

Ninaogopa, yaya. Naogopa kasho, naogopa vijana wa barabarani, namwogopa mama yake Bénite, na wewe nakuogopa kuliko wote.

Hapa nilikuwa nimeacha kuandika. Sasa nimerudi. Nimeirudisha picha kwenye ukurasa, na chini yake nimeandika kwamba niliiweka Alhamisi saa tisa mchana, mimi Jokébed, bila kumuuliza mtu yeyote, na kwamba Ézéchias hakuitoa saa ile. Halafu nimejiondoa mwenyewe kwenye kazi ya ukurasa, ili nikizidiwa na woga mkono wangu usipate njia ya kuifuta tena. Mama Tamar akishaichukua barua hii, naenda kwa askari na simu yangu. Nimevaa viatu tayari.

Sikuombi unisamehe leo. Nakuomba tu, wakimtoa, umpikie wewe.

Nisalimie sana mama mkwe wako, na majirani wote wanaoniuliza. Watoto uwabusu. Ariel umwambie kalamu za rangi nilizomwahidi ziko kwenye begi la kijani. Mungu awalinde ninyi na nyumba yenu.

Ni mimi mdogo wako,
Jokébed

Nilikuwa nakunja barua. Mama Tamar yuko mlangoni, ananiambia niharakishe, mvua inakuja. Simu inalia juu ya meza, na jina linalowaka ni lako. Sijui kama umeshaiona picha au unataka tu habari za mume wako. Ninapokea.