Nimemwaga Pipa la Kompyuta, Shemeji Ndiye Anayefukuzwa

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie, na ukiweza barua yangu iruke foleni, kwa sababu mwisho wa mwezi hauko mbali na kila nikiamka nahesabu siku zilizobaki kabla hata sijanawa uso.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa mwaka na miezi miwili, shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo nisamehe mwandiko. Mume wangu ni fundi cherehani, kazini wanamwita Kola kwa sababu kola zake hazijikunji hata ufue mara mia, na ni mume mzuri, sisemi hivi kumpamba, ni mtu wa kumbembeleza mtoto huku anakanyaga cherehani. Anapenda sana filamu za mashujaa, wale wa kupaa na kubeba magari kwa mkono mmoja, na tamthilia zao pia, ila yeye haangalii kama watu wengine, anaangalia nguo. Atakwambia mshono ule wa kwapa ungeachia kwenye ngumi ya kwanza, atakwambia joho limekatwa vibaya ndiyo maana linamkaba shujaa shingoni, atakwambia zamani mavazi yao yalishonwa na mtu na siku hizi yanachorwa tu kwenye kompyuta, ndiyo maana shujaa akianguka kutoka ghorofa ya ishirini wala huogopi, kwa sababu hata nguo haijakunjika. Wateja wanaleta suruali ya kupunguza, wanakaa saa nzima wanacheka.

Sasa mteja mmoja ni mtangazaji wa redio, akamsikia, akamwambia aandike maoni yake kumi na mawili ayapeleke mwisho wa mwezi, na yakipendeza apewe dakika kumi kila Jumamosi. Mshauri, mume wangu hajawahi kuitwa popote na mtu yeyote. Akaanza kuandika kwa vidole viwili kwenye laptopu kuukuu, ambayo betri ilishakufa na bila chaja haiwaki, na mimi nikinyonyesha ananisomea, namwambia hapa umechekesha, hapa umerefusha, naye anafuta, anaandika tena, mpaka yakatimia.

Tunaishi na mdogo wake, ambaye anapaka rangi nyumba za watu na sebuleni kwetu ndiko analala. Mwaka jana alichukua yale maneno ya kaka yake kuhusu joho akayasema kinyozini kama yake, watu wakavunjika mbavu, habari ikamfikia mume wangu. Hawakugombana sana, ila tangu siku hiyo mume wangu akawa anaficha maandishi yake, na mimi sikuwa najua anaficha wapi.

Siku yenyewe simu yangu ilikuwa imejaa, na mtoto ndiyo kwanza ameanza kutembea, hatua nne kutoka kwenye kochi mpaka kwenye ndoo, nikataka kuzihamishia zile video zake za hatua hizo kwenye laptopu, nayo ikaniambia imejaa. Nikaona pale pembeni mwa kioo chake kile kipipa cha taka kimefura makaratasi. Mimi nimelelewa na mama ambaye kwake taka hazilali ndani, nikakimwaga, ikaniuliza kama nina uhakika, nikabonyeza ndiyo, mtoto yuko mapajani anapigapiga vitufe, nikahamisha video mbili, mtoto akaanza kulia, nikazima nikiwa najiona nimefanya usafi.

Jumapili mchana tunakula, shemeji ametoka, mume wangu akainama akaninong'oneza huku anacheka.

"Mke wangu, maoni yangu nimeyaweka mahali ambapo yule hafiki. Yako kwenye pipa la kompyuta. Nani anapekua pipa?"

Nikanywa maji, nikasema wewe una akili, naye akafurahi, na alipokwenda kuoga nikachukua chaja nikaizika kwenye ndoo ya unga. Sikuwa na mpango, mshauri, mikono ndiyo ilifanya. Nilitaka tu asiiwashe siku hiyo, nikasema kesho nitamwambia, na kesho ikawa na kesho yake.

Akaitafuta chaja chini ya kitanda, nyuma ya kabati, mpaka kwenye mfuko wa vifungo. Siku ya tatu akaacha kutafuta akamwangalia mdogo wake. Alimwambia amechoka kuwa na mtu ndani anayemwonea wivu, ikifika mwisho wa mwezi awe amepata pa kukaa. Shemeji akaanza kukusanya brashi zake kwenye kopo, na mume wangu alipotoka akaniuliza, "Shemeji, na wewe unaamini nimeichukua mimi?"

Nikamwambia nishikie mtoto. Nikaenda jikoni nikasimama mbele ya ile ndoo ya unga mpaka mtoto alipoanza kuniita.

Nimejaribu kuyaandika upya maoni ya mume wangu kwenye daftari, yale niliyomsikia akisoma. Nimefikisha saba, lakini nikiandika ya kwake na ya kwangu yanachomoza humo humo bila kuitwa, kwa mfano mbona shujaa anavunja mtaa mzima na haonyeshwi hata mtu mmoja anafagia, na mbona siku hizi mtu anakufa, unamlilia mpaka mtoto anaamka, halafu filamu inayofuata anarudi eti ametokea dunia nyingine yenye watu wale wale, si waniambie mapema nisilie, na mbona tamthilia ina sehemu nane na habari yake ingetosha mbili, na mbona hakuna shujaa hata mmoja mwenye mtoto wa kunyonya, nani angempokea akitaka kupaa.

Nauliza, nimpe mume wangu hili daftari nimwambie niliyanakili toka zamani, laptopu imeharibika, basi yaishe? Au niseme ukweli? Naogopa atakavyoniangalia. Bado nina matumaini kwamba kuna njia ambayo hakuna atakayeumia.

Mimi, mama mwenye chaja kwenye unga.

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako imeruka foleni, sasa kaa chini, mtoto mweke kwenye mkeka, usome mpaka mwisho kabla hujagusa kitu.

Nimemuuliza fundi wa kompyuta wa hapa ofisini. Anasema pipa likimwagwa, kwenye mashine kuukuu kama hiyo, maandishi mara nyingi hayapotei papo hapo. Mashine inafuta jina tu kwenye orodha yake, yenyewe yanabaki palepale mpaka kitu kingine kije kikae juu yake. Kadiri inavyowashwa na kutumiwa ndivyo yanavyofunikwa. Kwa hiyo siku zote hizi ambazo haikuwaka, uoga wako umekuwa mlinzi bila kutumwa. Asiiwashe mtu kujaribu, hata mara moja. Ipelekeni kwa fundi anayejua kurudisha mafaili, mwambieni pipa lilimwagwa na video mbili zikaingia baadaye. Huenda hizo hatua nne za mtoto zimekanyaga maoni mawili matatu. Huenda yote. Sikuahidi.

Usinifurahie bado, maana kumwaga pipa si kosa ninalokugombeza. Hilo ni usafi, na mumeo naye nina neno lake hapa, najua utamsomea. Fundi Kola, kitambaa cha mteja ungekiweka kwenye kapu la vipande, halafu ushangae mkeo amefagia? Kama kuficha kulikuwa lazima, ungemwambia mtu mmoja, yule aliyekuwa anakusikiliza mtoto akinyonya.

Kosa lako, mama, liko jikoni. Unasema unatafuta njia ambayo hakuna atakayeumia. Yuko anayeumia tayari, amekusanya brashi zake kwenye kopo. Ukinyamaza mpaka mwisho wa mwezi, yeye atabeba godoro mchana watu wakimwona, kwa ajili ya chaja ambayo unaijua ilipo, na mumeo atakuwa amemfukuza ndugu yake kwa mkono wako. Siku atakapojua, na ndoo ya unga haikosi siku ya kuisha, hatakuuliza habari ya maoni kumi na mawili. Atakuuliza habari ya mdogo wake.

Hilo la daftari sahau kabisa. Kumpa uliyoyaandika wewe ukasema ndiyo yale yale ni mchezo ule ule wa kinyozini, umegeuzwa upande tu. Mpe, lakini mwambie ni nini: saba niliyoyakumbuka, niliyaandika kwa hofu, yako ni haya na yangu ni haya. Kitakachokosekana kwa fundi wa kompyuta mkae wawili mkiandike, muda bado upo. Na yale yako usiyafute. La mtu anayefagia nimecheka peke yangu mezani mpaka wenzangu wakaniuliza kulikoni. Mumeo akipenda, aende nayo redioni, mradi aseme ni ya mkewe.

Atakasirika. Mwache akasirike, usimkatize, usilie ili akuonee huruma. Mtu anayembembeleza mtoto huku anakanyaga cherehani hasira yake ina mwisho.

Ukimaliza kusoma hapa, nenda kwenye ndoo, toa chaja, ipanguse kwa kitambaa kikavu, usiichomeke. Iweke mezani wote wawili wakiwepo, mume na shemeji, usiwaeleze mmoja mmoja. Wala usianze na mumeo. Shemeji yako alikuuliza swali, ukampa mtoto ashike. Anza kwa kumjibu.