Radhi Uliyomwomba Mama

Magomeni Mapipa,
Dar es Salaam.
9 Novemba 2025

Mpendwa kaka Mwinyimvua,

Shikamoo. Hujambo wewe, wifi Mboni na watoto huko Maskati? Sisi tu wazima, ila nyumba imepooza tangu tumzike mama. Mpaka leo najisahau nampakulia sahani yake.

Simu zangu hupokei, kwa hiyo barua hii namkabidhi Abdulrazak, jirani yetu anayekuja huko kikazi. Ukaidi huo sote tunajua umeutoa kwa baba.

Shangazi Sophia ameniambia unavyosema: ulimwomba mama radhi kwa kutokuja kumzika baba, naye akakunyamazia mpaka simu ikakatika. Nilipokwambia kwamba alikujibu, ulidhani nakupoza. Kaka, kosa ni langu.

Jumapili ile, siku mbili kabla hajatutoka, nilileta nyumbani kompyuta ya dukani kwangu Kariakoo ili mama akuone kwenye kioo kikubwa. Jana yake nilikuwa nimeiwekea mfumo mpya, nikijitia ufundi, wala sikuijaribu. Ombi lako tulilisikia vizuri. Kisha sauti ikaanza kukatika, na picha ikaganda.

Baada ya arobaini niliipeleka kwa fundi Marcelino, mtaa wa Gerezani. Akanieleza kuwa kila kifaa cha kompyuta hupiga hodi kwa kichakataji, yaani ubongo wake, kinapotaka kuhudumiwa, nacho huacha kazi yake ili kukisikiliza. Sisi tumefundishwa hodi ni tatu, usipojibiwa unaondoka. Humo kulikuwa na kifaa kinachopiga hodi maelfu kwa sekunde, na kichakataji hakikupata nafasi ya kushughulikia sauti.

Tukachomoa printa, skana, hata kamera. Hodi ziko palepale. Marcelino alipoizima kadi ya Wi-Fi, zikakoma. Programu ya kuiendesha ilikuwa ya zamani, haielewani na mfumo mpya. Akaweka inayofaa, nikaipigia kwa simu yangu, nikasikia kila neno. Nikamwomba arudishe ile ya zamani. Sauti ikakatika, picha ikaganda, vilevile kama siku ile. Nililia mbele ya wateja wake.

Shangazi Sophia na mjomba Twaha wanakusalimu sana. Salamu naziweka hapa kwa sababu nikishaandika linalofuata sitakuwa na la kuongeza.

Mama alisema, "Mwanangu, radhi yangu unayo tangu siku ileile, wewe na wanao." Akangoja, anautazama uso wako kwenye kioo. Akaniuliza, "Mbona hanijibu?" Nikamwambia umesikia, unalia. Akasema, "Basi mwache alie," akajifunika shuka.

Nilimdanganya, kaka. Hukuwa umesikia. Sasa umesikia.

Mola akuhifadhi wewe na nyumba yako.

Mdogo wako akupendaye,
Chiku