Escudo na Goti la Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Gari limelala kwetu! Escudo ya Mzee Yakobo, milango miwili, kijani iliyochoka, namba za zamani za A. Mzee ni bwana shamba mstaafu, jirani yetu hapa Mkolani, na enzi zake amezunguka nalo vijiji vyote vya Misungwi. Kanipa wiki mbili nilitumie kama langu, ndipo niamue. Anasema gari la zamani halipimwi kwa kupiga matairi mateke. Lipewe kazi.

Basi nitalipa kazi, na nitaandika hapa kila ninachokiona, kizuri na kibaya. Najijua. Kitu nikishakipenda nakuwa kipofu.

Sababu ya yote haya ni mama mkwe. Januari aliteleza kwenye jaruba la mpunga, paja likavunjika. Wamemwekea chuma. Sasa anatakiwa kufanya mazoezi mjini kila wiki, na daktari hakuficha: akichelewa, mguu utakakamaa, magongo yatakuwa yake mpaka mwisho. Kuhamia kwetu hataki hata kusikia. Mama wa Kisukuma wa umri wake alale nyumbani kwa mkwe? Nami Mjaluo wa Rorya sina la kubisha, kwetu ni hivyo hivyo. Kwa hiyo atabaki kijijini, ndani huko Misungwi, mimi nitakuwa namfuata. Bodaboda hapana. Gari la chini kwenye udongo ule wa mbuga, na mvua hizi — hapana. Hili linaweza.

Mke wangu Modesta kalizunguka, kasema linafanana na mimi. Fupi halafu lina kelele.

Jumanne, 4 Machi

Siku nzima kazini nalo. Nilikuwa na friji tatu za kutengeneza Igogo, zote juu kwenye mawe, kule ambako huwa naacha bodaboda chini na kubeba mtungi wa gesi begani. Leo nimefika mpaka mlangoni! Siti ya nyuma ukiikunja, mtungi na boksi la vifaa vinaingia vizuri. Linakata kona pale ambapo hata mkokoteni ungeomba msaada.

Ubaya: linakunywa mafuta. Siti ngumu. Kwenye lami ukizidisha mwendo stelingi inatetemeka, na upepo unaingia mlangoni ukipiga mluzi. Redio haipo, kuna tundu tu.

Lakini funguo moja, limewaka. Na unakaa juu, unaona ziwa lote mpaka visiwani. Nimefika nyumbani mgongo unauma na nina furaha.

Jumatano, 5 Machi

Mvua kubwa. Nimempeleka Modesta kanisani kupakwa majivu. Maji yanapenya kwenye raba ya dirisha la kushoto, yakamdondokea kwenye sketi ya kanisani. Kasema huo nao ni ubatizo. Nitanunua raba mpya.

Ijumaa, 7 Machi

Leo nimelijaribu kwenye barabara yenyewe. Peke yangu, mpaka kijijini kwa mama.

Kutoka Misungwi mjini kuingia ndani ni tope tupu. Fuso limekwama katikati, watu wamevua viatu wanasukuma. Nikavuta ile gia ndogo ya four wheel, nikaomba Mungu, nikapita pembeni kwenye majani taratibu, hata halikuteleza. Wale watu walinipigia makofi! Nilipiga honi kama bwana harusi.

Nilisimama mbali, kwenye ua wa minyaa. Kuingia uani bila Modesta isingekuwa heshima. Mama alikuwa amekaa barazani, mguu umenyooshwa kwenye kigoda. Niliinamisha kichwa, naye akageuza uso upande, ndivyo tunavyosalimiana. Baadaye akamtuma jirani aniletee mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa.

Miaka minane ya ndoa, sijawahi kumtazama usoni. Namjua kwa sauti yake nyuma ya ukuta na kwa kandambili zake. Lakini nilipougua taifodi mwaka ule, kila basi la Misungwi lilileta unga wa mtama na kidumu cha maziwa ya mgando. Hakuja, hakupiga simu. Alituma tu mpaka nikainuka. Nampenda yule mama. Sina pa kulisema isipokuwa hapa.

Gari limefaulu. Jumatatu ya tarehe 17 nitamwambia Mzee Yakobo nalichukua.

Jumapili, 9 Machi

Mjinga mimi!

Modesta alikuwa anaosha gari, namsimulia habari ya tope, nadhani kwa mara ya tatu. Akaacha kitambaa kwenye boneti. Akauliza mama atakaa wapi.

Nikasema mbele, wapi tena. Nyuma mpaka ukunje siti, uiname, uvute mguu ndani — na mguu wenyewe haukunjiki.

"Mbele," akasema. "Pembeni yako."

Nimepima breki, nimepima rejeta, matairi, shokapu, nimelipeleka kwenye mawe na kwenye tope. Sikupima hili. Mtu na mama mkwe wake, bega kwa bega, kutoka Misungwi mpaka mjini, kwenye kagari ambako ukipiga chafya abiria anajifuta! Mimi ambaye akija kututembelea mchana natokea mlango wa jikoni.

Na gia ni za mkono. Nimeingia nikajaribu mwenyewe. Ya kwanza na ya pili ziko kushoto kabisa, kwenye goti la abiria. Modesta alikaa pale, nikaingiza gia, kila mara namgusa. Hakucheka. Angecheka ningepata nafuu.

Jumanne, 11 Machi

Mwenye haki ya kumwendesha mama ni Ngosha, kaka yake Modesta. Yuko mgodini Geita, likizo Juni. Gari la juu lenye milango minne hatulipati sasa. Kliniki ni Ijumaa hii, na ilishaahirishwa mara moja.

Kwa hiyo Modesta kaamua kujifunza gari! Jioni tumekwenda uwanja wa mpira. Klachi ameiachia kama mtu aliyekanyaga nyoka, limeruka, limezima. Tena. Tena. Mbuzi waliokuwa wanakula golini walihama wenyewe. Halafu mara moja likakubali, tukazunguka uwanja mzima kwa gia ya kwanza, yeye ameshika stelingi kwa nguvu zote, anacheka, machozi yanamtoka. Nilimtazama tu. Nilijisikia kama siku zile za uchumba.

Lakini Ijumaa hawezi. Tunajua wote. Na leseni hana.

Jumatano, 12 Machi

Modesta kampigia mama, kamweleza yote. Mama kamjibu kwamba basi, atabaki nyumbani. Mguu ni wake, na bora magongo kuliko aibu. Akasema tusigombane kwa ajili yake. Kisha akauliza kama mkwe alikula ile michembe.

Modesta alikaa kitandani akalia kwa sauti. Nilimpa maji, hakunywa. Nilitaka kusema mila ni mila, nikashindwa. Nilikuwa namwona mama kwenye kile kigoda, na mpunga wake kule unapaliliwa na mtu mwingine. Nimelichukia gari kwa mara ya kwanza. Si kosa lake, maskini.

Alhamisi, 13 Machi

Kumekucha na simu. Mama hakulala. Amefikiria, akapata njia: tufunge kitenge katikati. Yeye upande wake, mimi upande wangu. Hatutaonana, basi aibu imepungua.

Tumeshinda tunafunga kitenge! Kwanza Modesta alikining'iniza kutoka juu kabisa — maridadi, ila sioni saiti mira ya kushoto, ningeua mtu Buhongwa. Tukakishusha, tukakibana na vibanio vya nguo kutoka siti hadi dashibodi, usawa wa mabega. Kwa juu atajifunika khanga. Mzee Yakobo alipita, akachungulia, akaondoka. Baada ya muda karudi na kamba ya katani na kigoda kirefu cha kupandia. Anasema marehemu mama mkwe wake alisafiri ndani ya buti iliyo wazi, miguu nje, mpaka Magu.

Maua mekundu makubwa. Ndiyo kitenge pekee kizito tulichonacho.

Ijumaa, 14 Machi

Nipo kwenye benchi, nje ya chumba cha mazoezi. Modesta na mama wako ndani. Ngoja niandike.

Asubuhi kijijini nilishuka nikasimama naangalia minyaa. Nikasikia magongo, polepole sana. Modesta akaweka kigoda. Mama akageuka, akakaa siti kwanza, kisha miguu ikafuata, Modesta akiishika kama mayai. Gari likainama kushoto. Modesta akapitia upande wangu kwenda nyuma, nami nikaingia, macho mbele. Harufu ya sabuni ya mche na moshi wa kuni. Mama mkwe wangu, nyuma ya maua mekundu!

Nikaondoka kwa gia ya tatu. Likazima. Nikaliwasha, ya tatu tena, likaruka likazima. Jasho. Mama akasema kitu kwa Kisukuma, taratibu. Modesta akatafsiri, anajizuia kucheka: mama anauliza, kibovu ni gari au ni dereva?

Nikasema ya kwanza iko upande wake.

Modesta akamweleza. Halafu nikaona kitenge kinasogea. Mama alikuwa analishika goti lake bovu kwa mikono miwili, analipeleka mlangoni, kidogo kidogo. Alivuta pumzi kwa maumivu, nikasikia. Nafasi ikapatikana. Nikaingiza gia ya kwanza, nikaiachia klachi polepole kuliko nilivyowahi kuiachia maishani. Likaondoka bila hata kutikisika.

Tukapita Misungwi mjini, tukafika Usagara. Pale kwenye lami lilipoanza mngurumo wake, mama akasema linakoroma kama marehemu mume wake. Kisha akacheka. Sikujua mama mkwe anacheka! Ni kicheko cha Modesta kabisa, kilekile, cha kupanda juu halafu kukatika.

Sasa Modesta katoka. Mtaalamu wa mazoezi, dada mmoja anaitwa Roza, anasema leo mama asimame bila magongo. Anahitaji watu wawili wenye nguvu, mmoja kila upande. Modesta peke yake hatoshi. Roza alitaka kumwita nesi. Mama kakataa.

"Kasemaje?" nimeuliza.

"Kasema, manesi siwajui. Mwite mkwe wangu anishike."

Modesta kasimama mlangoni ananisubiri. Nimemwambia namalizia mstari. Anajua hakuna mstari. Nimejifuta mikono kwenye suruali, mara mbili. Sijui nitamshika wapi, sijui nitatazama wapi. Humo ndani hakuna kitenge.

Sasa mama anaita mwenyewe —