Kamba ya Mgomba Katika Chumba cha Eksirei

Mjukuu wangu Koku,

Hujambo huko Ulaya? Anayekuandikia ndiye aliyeilinda Kagera nzima isiungue na mionzi! Hapa Nshambya tu wazima, bibi yako anaanika kahawa na anakusalimu sana.

Umeniuliza mgonjwa atiweje moyo, maana mtambo wenu wa mviringo huko hospitalini unakofanya kazi ukianza kumpiga picha, lazima nyote mtoke mumwache peke yake nyuma ya kuta nene. Eh, umemuuliza bingwa!

Miaka ile ya ukimwi nililinda mlango wa eksirei katika hospitali moja ya Muleba. Nyakati hizo mgonjwa akiachwa peke yake alijua ametengwa. Siku moja mke wa mgonjwa, tena mjamzito, akagoma kuuachia mkono wa mumewe.

"Mama, toka!" nikamfokea. "Mionzi itamdhuru mtoto tumboni!"

"Waitu, nakusihi, nikimwachia atasema hata mimi nimemkimbia."

Nikaruka nje kama radi, nikachuna kamba ya mgomba, ndefu kutoka hapa hadi Kibeta! Ncha moja nikamfunga mgonjwa kidoleni, nyingine nikampa mkewe nyuma ya ukuta wa zege. Mionzi haijui kukata kona, Koku, lakini kamba inajua! Mke akaivuta kidogo. Mume naye akavuta, tukamsikia anacheka, kisha akatulia tuli. Picha ikatoka safi kabisa!

Jaribuni na ninyi.

Ila nikuambie wewe tu: mashine ilipolia, mimi nilikuwa nimejibanza nyuma ya yule mama mjamzito, nimefumba macho.

Babu yako mdogo,
Rwegasira