Utepe wa Karatasi

Oxnard, California
Jumapili, baada ya ibada

Dada yangu Marlys,

Salamu zangu zikufikie hapo Dannebrog, wewe na shemeji Leland. Natumaini goti lake limepoa na theluji imewaachia njia ya kutoka nje. Mimi ni mzima, lakini wa mwili tu. Ninakula na kwenda kanisani, na kazini bado wananilipa ingawa sijapanda ndege tangu Machi.

Barua yako niliipata Jumatano. Nimeisoma mpaka mikunjo inataka kuchanika. Unasema umeshakubali maneno ya jopo lililochunguza ajali, kwamba Tobin alikuja kwa kasi kupita kiasi. Unasema alikuwa na haraka tangu tumboni, alizaliwa kabla mkunga hajavua koti, na vitumbua vya mama alivila vya moto mpaka ulimi ukababuka. Halafu unasema umewaandikia wazazi wa marubani wenzake kuwaomba radhi kwa aibu ya mwanao. Dada, hapo ndipo niliposhindwa kuendelea kunyamaza.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa, maana sijawahi kukueleza vizuri. Unajua kampuni yetu si jeshi. Sisi ni wazee waliostaafu, tuna ndege tatu kuukuu, na jeshi la majini linatukodi tukawape mafuta vijana wao huko juu ya bahari. Kazi yangu ni kukaa nyuma na kuteremsha mpira mrefu wenye kikapu mwishoni. Rubani anakuja taratibu, anauingiza mrija wa ndege yake katika kikapu, anausukuma kidogo, na hapo gurudumu letu linalokunja mpira linatakiwa kuvuta mara moja sehemu iliyolegea. Likichelewa, mpira unapiga mawimbi na kucharaza kama mjeledi.

Miaka miwili nilisubiri siku ambayo Tobin angekuja kunywa kwangu. Kila tulipopangwa pamoja jambo fulani liliharibika: ukungu, ratiba, mara ndege yake, mara yetu. Mwezi wa tatu jina la kikosi chake likatokea kwenye ubao wetu, siku ya Alhamisi, na wiki iliyofuata meli yao ilikuwa inaondoka kwa miezi minane. Alinipigia simu akanitania kwamba nisije nikasinzia huko nyuma kwa uzee, yeye hataki kurudi nyumbani na kiu.

Asubuhi hiyo nilinyoa ndevu nikavaa shati jipya. Rubani wetu mkuu, mama mmoja mcheshi anaitwa Fern Ostrander, akaniuliza kama naenda kutoa mafuta au kuoa. Nikamwambia mpwa wangu anakuja. Akasema basi leo itabidi tuendeshe kwa adabu.

Alikuja wa tatu. Nilimtambua kabla hajasema, kwa jinsi alivyotulia nyuma yetu bila kuyumba. Sheria inasema utaje namba ya ndege yako tu, lakini yeye akasema kwenye redio, mjomba, nimefika, niwekee sahani. Fern akacheka. Nikamjibu apige hodi kwanza. Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake, Marlys, mzaha.

Akasogea. Mrija ukaingia katikati ya kikapu kabisa. Akausukuma kidogo kama inavyotakiwa, na gurudumu halikuvuta. Wimbi likashuka kwenye mpira, likarudi, likauvunja mrija wake, na vipande vikaingia kwenye injini. Niliona moto. Niliona akiruka na mwavuli ukifunguka, nikapiga kelele za furaha, Mungu anisamehe, nikidhani amepona. Maji ya huko ni ya baridi na helikopta ilimfikia baada ya muda mrefu. Yaliyobaki unayajua.

Sasa nisome polepole, dada.

Pale kwetu tuna desturi ambayo haimo katika kanuni yoyote. Hitilafu ukiiandika kwenye kitabu cha ndege, ndege hairuki mpaka fundi aikague na kutia sahihi, na hiyo ni siku mbili au tatu. Kwa hiyo lile dogo tunaliandika kwenye utepe wa karatasi wenye gundi, tunaubandika kwenye chuma pale penye hitilafu. Asubuhi fundi wetu, Ruben Escalante, anapita anazisoma tepe zote na kuamua kipi kingoje na kipi kiende karakana. Kwa magurudumu Ruben hana utani. Hata neno moja tu, ndege inabaki chini.

Jumatano, siku moja kabla, gurudumu lilichelewa. Kidogo tu, na rubani aliyekuwa nyuma hakugundua. Mimi niliona. Niliandika utepe, nikaubandika, nikaenda kulala kama mtu aliyetimiza wajibu.

Alhamisi nilifika kabla ya Ruben. Nikasimama mbele ya ule utepe nikifikiria miezi minane. Nikaubandua. Nikajiambia nitaubandika tena jioni.

Jopo liliponiita, waliniuliza kama niliwahi kuona gurudumu likichelewa. Nikasema sijawahi. Walilijaribu ardhini likazunguka vizuri, kitabu kilikuwa safi, picha za kamera zilikuwa na ukungu. Basi akabaki mmoja wa kulaumiwa, naye hawezi kujitetea.

Mwanao hakuwa na haraka, Marlys. Nimetazama marubani mia kadhaa wakija nyuma ya ule mpira, na sijaona mkono mtulivu kuliko wake. Alikuja kama alivyofundishwa, kwa mwendo uliotakiwa. Mwenye haraka nilikuwa mimi. Waandikie tena wale wazazi uwaambie hivyo, na jina langu ulitaje.

Utepe huo nimeubandika chini ya barua hii. Mwandiko utaujua, na tarehe ipo. Jumanne saa tatu asubuhi nitakwenda mbele ya jopo niwaambie yote haya. Fern nimeshamwambia. Alishika mlango wa gari lake akalia. Nimepiga picha ya utepe kwa ajili ya jopo. Wenyewe nimeona uwe kwako kwanza, kwa sababu ni wewe niliyemwibia mwanawe mara mbili, mara ya pili kwa kunyamaza.

Nisalimie Leland, kama atapokea salamu zangu. Kile kikaango cha vitumbua cha mama, ambacho uliniahidi kitakuja kwangu, mpe mtu mwingine.

Miaka yote nimemalizia barua zangu kwa kuandika kaka yako. Leo sitaliandika neno hilo. Nimeacha nafasi yake hapa chini, na wewe ndiye utakayejua kama lipo.

................

Orrin

[Utepe: GURUDUMU LINACHELEWA KUVUTA. RUBEN, LITAZAME KABLA HATUJARUKA. — O. S., Jumatano 12 Machi]